Likizo ya Askari: Barabara ya Magharibi Haina Mpinzani

GISENYI

Maafisa na askari wengi wa vikosi vyetu wanaijua barabara ya Kigali hadi Rubavu kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake. Waweza kuwaamsha usiku wa manane nao wakakutajia kona zake zote, vilima vyake vyote, na mahali ambapo lori la mizigo hushindwa kupanda. Lakini ukiwauliza kama wamepata kuitazama, wengi watasita. Wameipita ndani ya lori lililofungwa turubai pande zote, au nyuma ya usukani na amri ya kufika kabla ya saa fulani, au wamesimama kando yake siku nzima, kifaa cha kupimia mwendo mkononi, macho yakiwa juu ya magari na si juu ya milima.

Hili si jambo dogo. Nchi yetu ina eneo la kilomita za mraba 26,338 tu, na basi liendalo taratibu laweza kuikata kutoka mpaka hadi mpaka kwa siku moja. Hata hivyo tunao askari waliotumikia miaka 15 ambao huitumia likizo yote kati ya kambi na kijiji walikozaliwa, na watoto wao hawajapata kuliona ziwa. Watu hao wameilinda nchi usiku na mchana. Twaona ni haki yao, na ya jamaa zao, kuifaidi pia.

Katika mabwalo ya maafisa na kantini za askari swali hili huzuka kila msimu wa likizo unapokaribia: jimbo lipi lafaa kutembelewa na mtu apendaye safari ya barabara yenye mandhari nzuri? Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ambayo yaliondoa mikoa 12 ya zamani, tunayo majimbo manne pamoja na Jiji la Kigali, yakiwa na wilaya 30. Majina nayo yalibadilika: Ruhengeri ikawa Musanze, Kibuye ikawa Karongi, Cyangugu ikawa Rusizi, na mji wa Gisenyi ukawa makao ya wilaya ya Rubavu. Wazee wa jeshi bado hutumia majina ya kale, na kondakta wa basi huyaelewa yote mawili, basi sisi nasi tutayachanganya bila haya.

Kila askari hulitetea jimbo la kwao, na hilo ni la kawaida. Mzaliwa wa Mashariki atakuambia habari za Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ambayo ilirudishiwa simba mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Maneno yake ni ya kweli, lakini uzuri wa Akagera uko ndani ya hifadhi, si barabarani, na kuuona kwataka gari la kufaa na kiingilio mkononi. Mzaliwa wa Kusini atalitaja jumba la makumbusho la Huye, lililofunguliwa mwaka 1989, na kasri la mfalme huko Nyanza. Kisha atatoa silaha yake nzito, nayo ni msitu wa Nyungwe, ambao Septemba 2023 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hapo twakiri kwamba ana hoja. Barabara ya lami ipitayo kati ya miti ile mirefu, ambapo ukungu hushuka mchana na nyani hukaa ukingoni wakiwatazama abiria, ni ya pili kwa uzuri nchini. Lakini nusu ya barabara hiyo imo katika Jimbo la Magharibi! Wa Kusini na wasijisifu kwa mali ya ubia.

Sisi, baada ya kuizunguka nchi kwa kazi na kwa matembezi, twatoa hukumu kwa Jimbo la Magharibi, na hasa kwa mzunguko mmoja: Kigali, Musanze, Rubavu, Karongi, Muhanga, kisha Kigali tena. Mzunguko huo wakaribia kilomita 400, na mtu mwenye siku tatu au nne za ruhusa anaweza kuumaliza bila haraka. Hahitaji gari lake mwenyewe. Mabasi ya abiria yapo, na kwa mtazamaji basi ni bora kuliko gari dogo, kwa kuwa kiti kiko juu na mtu mwingine ndiye ashikaye usukani.

Siri moja ya safari hii hatujasikia ikitajwa mahali popote, nayo ni kuchagua dirisha. Ukitoka Musanze kuelekea Rubavu, milima ya Virunga iko kaskazini, yaani mkono wa kulia. Ukitoka Rubavu kushuka kusini kwenda Karongi, Ziwa Kivu liko magharibi, yaani mkono wa kulia tena. Mtu akizunguka kwa mpangilio tuliouandika, dirisha la kulia ndilo lenye mali. Akizunguka kinyume, na ahamie kushoto.

KUPANDA

Kutoka kituo cha Nyabugogo barabara huanza kupanda mara moja kuelekea Shyorongi, na bonde la mto Nyabarongo hubaki chini likiwa na rangi ya udongo na ya mashamba. Katika mteremko huo na kila mteremko utakaofuata utaona waendesha baiskeli, waitwao abanyonzi, wakishuka na magunia ya viazi, mikungu ya ndizi au mitungi ya maziwa. Ukiwatazama hawa hutashangaa kwamba nchi hii imezaa mashindano ya Tour du Rwanda, yaliyoanza mwaka 1988, wala kwamba Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Lakini wapo pia wale wajishikizao nyuma ya malori wakati wa kupanda. Askari wa usalama barabarani wanajua hilo laishia wapi.

Huko Rulindo basi litasimama Nyirangarama, mahali ambapo msafiri wa barabara hii hununua mahindi ya kuchoma, mishikaki na maandazi. Ndiko yatokako mafuta makali ya pilipili yaitwayo Akabanga, ambayo vijana wetu huyabeba hadi katika misheni za kulinda amani ili chakula cha ugenini kipate ladha ya nyumbani. Mwenye biashara hiyo, Bwana Sina Gérard, alianza katika miaka ya 1980 kwa kuuza maandazi kando ya barabara hii hii.

Baada ya hapo ni Gakenke na kona za Buranga. Hizi tunaziheshimu. Zimejikunja moja juu ya nyingine, na ukungu wa asubuhi hukaa ndani yake kama moshi ndani ya jiko. Ukishamaliza kupanda, siku ya anga safi, utaona kitu ambacho mgeni hudhani ni wingu jeusi mpaka atambue kwamba halisogei. Hiyo ndiyo safu ya Virunga: Muhabura yenye mita 4,127 upande wa mashariki, kisha Gahinga, Sabyinyo yenye meno yake, Bisoke, na mwisho Karisimbi, mrefu kuliko wote, mita 4,507.

Kwa raia, hiyo ni milima ya sokwe. Hifadhi iliyoko huko ilianzishwa mwaka 1925, na tangu mwaka 2005 watoto wa sokwe hupewa majina hadharani katika sherehe ya Kwita Izina. Kwa askari, milima hiyo ina maana nyingine juu ya hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1990 na mwanzoni mwa mwaka 1991 wapiganaji wa RPA walijipanga upya katika baridi ya Virunga, na baadhi yao walikufa kwa baridi hiyo kabla ya kukutana na adui. Kutoka huko waliushambulia mji wa Ruhengeri tarehe 23 Januari 1991 na kuwafungua wafungwa wa gereza lake. Kijana aliyeingia jeshini juzi amesoma habari hizo darasani. Na asimame mbele ya stendi ya mabasi ya Musanze, ainue macho aone urefu wa mteremko ule, kisha ajiulize mtu aliyebeba silaha na njaa aliushuka vipi usiku.

MAJI YA MVUA MOJA

Kutoka Musanze udongo hubadilika kuwa mweusi. Ni majivu na mawe ya volkeno, na rutuba yake yaonekana katika mashamba ya viazi mviringo, vitunguu, karoti na pareto yenye maua meupe. Kuta za mashamba na misingi ya nyumba zimejengwa kwa mawe hayo hayo meusi. Wilaya ya Nyabihu ndiyo ya juu na ya baridi. Mtu wa Bugesera aliyekuja na shati moja atajuta.

Karibu na Bigogwe, mahali ambapo askari wengi wa zamani na wa sasa wanapajua kwa sababu za kikazi, panafaa kutazamwa kwa sababu nyingine. Malisho yake ni ya kijani kibichi na ya mviringo kama migongo ya ng'ombe wanaoyala. Na katika nyanda hizi, bila kibao chochote cha kukuonyesha, basi huvuka mgawanyiko wa maji ya Afrika. Mvua inyeshayo upande wa Musanze huingia mto Mukungwa, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, Ziwa Viktoria na mto Nile, ikaishia Misri katika bahari ya Mediterania. Mvua ya wingu hilo hilo, ikianguka hatua chache upande wa pili, huingia mto Sebeya, kisha Ziwa Kivu, mto Ruzizi, Ziwa Tanganyika na mto Kongo, ikaishia katika bahari ya Atlantiki. Katika wilaya ya Rutsiro kuna senta ya biashara iliyopewa jina la mgawanyiko huu, Congo-Nil, nasi tumewaona abiria wakipita hapo wamelala.

Barabara hii ina kumbukumbu ambazo haifai kuzipita kimya. Mwezi Julai 1994, baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu waliijaza kuelekea Kongo, wengi wakisukumwa na viongozi wale wale walioongoza mauaji. Gisenyi ilipotwaliwa na RPA katikati ya mwezi huo, vita vilikwisha. Novemba 1996, baada ya kambi ya Mugunga kuvunjika, mamia ya maelfu walirudi kwa miguu katika muda wa siku chache, wamebeba magodoro na watoto. Kisha ikaja vita ya wacengezi ya miaka 1997 na 1998, wakati ambapo magari yaliviziwa katika kona hizi hizi za Ruhengeri na Gisenyi, na safari ya raia ilihitaji ulinzi wa askari. Mwenye umri wa miaka 25 leo hakuwa amezaliwa. Kwake yeye, basi la saa kumi na mbili jioni kutoka Rubavu ni jambo la kawaida, na wale waliolala porini ili liwe la kawaida sasa wana mvi. Kama baba ni mmoja wao, na akae karibu na mwanawe ndani ya basi hilo. Atakuwa na mengi ya kumwonyesha baina ya Mukamira na Mahoko.

Mahoko na Nyundo ndiko mteremko wa mwisho huanzia. Upande mmoja ni mashamba ya chai ya Pfunda, yaliyonyooka kama gwaride. Chini yake hupita mto Sebeya. Mto huo waonekana mpole. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulivunja kingo zake na kusomba nyumba, wakati maporomoko ya ardhi yalipokuwa yakifukia nyingine katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha katika usiku mmoja, na barabara kadhaa zilifungwa kwa udongo na miti. Kwa hiyo anayepanga likizo kati ya mwezi Machi na mwezi Mei na asikilize kwanza habari za hali ya hewa. Milima hii tunayoisifu ndiyo hiyo iangukayo.

GISENYI

Mji wenyewe umekaa pwani ya ziwa, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni vuguvugu baada ya baridi ya Nyabihu. Una barabara ya ufukweni yenye mitende na miti mikubwa ya kivuli, na majumba ya zamani ya wakati wa ukoloni yaliyogeuka rangi. Mgeni kutoka Mombasa au Tanga hustuka kidogo, kwa sababu mawimbi yapo, mchanga upo, na Kiswahili chasikika sokoni, lakini maji hayana chumvi. Kiswahili hicho hakikuja jana. Kilikuwa lugha ya wachukuzi, ya wafanyabiashara, na ya askari wa Kijerumani waliokuwa na kituo hapa, mji ukiitwa Kissenji. Bunge letu lilipokipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, miaka 10 baada ya Rwanda kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wa Gisenyi waliona serikali imewafuata.

Wapenda historia ya vita wana ya kutosha hapa. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika kwenye ziwa hili mwaka 1894, wa kwanza miongoni mwa Wazungu kuacha habari zake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 ukachora mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji. Vita Kuu ilipoanza, Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi mwezi Septemba 1914, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu kikosi kidogo chini ya Kapteni Max Wintgens kiliwazuia Wabelgiji wenye nguvu kubwa zaidi. Hakikutolewa mpaka mashambulizi ya Aprili na Mei 1916 yalipotishia kukizingira. Waliokufa kwa ajili ya mstari huo wa wakoloni walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, pande zote mbili, wakiwemo wapagazi ambao hakuna aliyewahesabu.

Mstari huo leo ni mitaa miwili iliyogusana. Gisenyi na Goma ni kama vyumba viwili vya nyumba moja, na kwa miaka mingi maelfu ya wanawake wachuuzi wamekuwa wakivuka kila siku katika kizuizi kidogo wakiwa na mboga, maziwa na unga. Jirani akiungua, moshi huingia kwako. Mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, mto wa moto ulipita katikati ya Goma ukaingia ziwani, na mamia ya maelfu ya wakazi walikimbilia upande wetu. Ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, maelfu walivuka usiku huo huo, na matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba na barabara za Rubavu. Na mwishoni mwa mwezi Januari 2025, mapigano ya Goma yalirusha makombora na risasi hadi ndani ya Rubavu, na raia waliuawa. Kwa hiyo twasema bila kuzunguka: mtalii wa likizo na aishie upande huu wa kizuizi. Askari hatoki nje ya nchi bila kibali cha mkuu wake, na shauku ya kuona mtaa wa pili si kibali.

Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na hilo ndilo huwafurahisha wazazi. Lakini kina chake hufika karibu mita 480, na chini humo mmeyeyuka gesi: mita za ujazo bilioni 60 hivi za methani, na bilioni 300 hivi za hewa ya ukaa. Ziwa la namna hiyo, ingawa dogo mno kuliko Kivu, ni Nyos la nchini Kameruni, ambalo Agosti 1986 lilitapika hewa yake na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Ndiyo maana kuitoa methani na kuizalisha umeme, kama ifanyikavyo Karongi tangu mwaka 2016 katika mtambo wenye uwezo wa megawati 26, ni nishati na ni kinga pia. Wachache wanajua kwamba kazi hiyo ilianza kwa ajili ya bia: mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona, kusini ya mji, ulianza kuupelekea kiwanda cha Bralirwa gesi ya kuchemshia. Karibu na hapo, Nyamyumba, kuna chemchemi za maji moto ambamo wazee huenda kuloweka viungo. Wapo pia wataalamu wa volkeno wa dunia nzima wanaotumia neno letu la Kiswahili, mazuku, kwa ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni kaskazini mwa ziwa na kuua bila harufu. Mwenye watoto na awazuie kucheza katika mashimo ya mawe meusi.

Jioni, keti ufukweni. Mashua za wavuvi hufungwa tatu tatu kwa miti mirefu, zikatoka pamoja huku wapiga makasia wakiimba ili wapige kwa mpigo mmoja. Mkufunzi yeyote wa gwaride atafurahia. Wanafuata sambaza, samaki mdogo ambaye hakuwamo humu zamani, bali aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku taa zao huwa kama mji mwingine juu ya maji. Sambaza wa kukaanga, kwa ndizi na tone moja la Akabanga, ni chakula cha bei ya askari.

KUSHUKA NA ZIWA

Wengi hufika Gisenyi, hulala, hurudi njia waliyojia. Hao wameacha nusu bora ya safari. Barabara ya lami ya kando ya Kivu, kutoka Rubavu kupitia Rutsiro hadi Karongi na kuendelea Rusizi, ilikamilishwa katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo ilikuwa njia ya vumbi na tope ambayo dereva aliilaani. Waendao kwa miguu au kwa baiskeli wana njia yao, Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227. Ziwa hujitokeza na kujificha: sasa liko chini yako na visiwa vyake kama vifaranga, sasa limemezwa na mgomba, sasa limerudi likiwa na rangi nyingine. Migahawa ni michache, basi beba maji na chakula cha watoto.

Hapa Karongi tunamwomba askari atoke nje ya njia yake kwa nusu siku, apande Bisesero. Katika vilima hivyo mwaka 1994 Watutsi walijikusanya, wakapigana kwa mawe, mikuki na fimbo dhidi ya wauaji wenye bunduki na mabomu, kwa majuma mengi, mpaka wengi wao wakaisha. Kumbukumbu ya Bisesero ni mojawapo ya nne zilizoingizwa katika urithi wa dunia Septemba 2023. Mtu aliyefunzwa mbinu za ulinzi akisimama juu ya kilima kile ataelewa jinsi walivyojipanga, na ataelewa pia walichokikosa.

Kutoka Karongi barabara hurudi mashariki kwa kupanda. Utapita chini ya mwamba wa Ndaba wenye maporomoko yake ya maji, ambao wenyeji wana hadithi juu ya mtu aliyeponzwa na asali. Mwulize mzee wa pale akusimulie mwenyewe, kwa maana kila mmoja ana yake. Mbele zaidi ni Nyange, ambako usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wanafunzi wa shule ya sekondari waliamriwa na wacengezi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Baadhi yao waliuawa pale pale, na taifa limewaweka katika daraja la mashujaa la Imena. Walikuwa na umri wa makuruta wetu.

Sasa neno kwa watakaoendesha wenyewe. Wenzetu wa Uganda, Kenya na Tanzania wakumbuke kwamba hapa twapita mkono wa kulia. Mabasi na malori yana vidhibiti vya mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Gari dogo halina, na ndilo hupatikana bondeni. Kamera zile ambazo wananchi wamezibatiza Sofia hazitambui cheo, wala hazipokei salamu ya kijeshi. Tumepata kusikia pia kwamba wapo wenye sare ambao huwawashia taa madereva wanaokuja ili kuwajulisha kwamba kuna polisi mbele. Tangu mwaka 2019 Polisi ya Taifa imekuwa na kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani ufike kwa amani, na kila taa iwashwayo hivyo humsaidia mlevi mmoja kupita salama hadi kwenye baiskeli ya mtu. Sare na ibaki kambini. Likizo ni ya raia. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi usipange kuondoka asubuhi: ni umuganda, na magari hayatembei mpaka kazi ya pamoja imalizike. Ikikukuta kijijini Rutsiro, chukua jembe.

Muhanga ni mahali pa kunywa chai, karibu na kanisa kuu la zamani la Kabgayi. Toka hapo hadi Nyabugogo hazizidi kilomita 50 kwa kiasi kikubwa, lakini mabasi ya Jumapili jioni hujaa mapema, na anayetakiwa kambini kabla ya saa ya kuhesabiwa na akate tiketi yake asubuhi akiwa bado Karongi.